Panga mwaka kwa kuanzia na sikukuu

Ukitaka kumfundisha mtoto wa miaka 3 au 4 nyumbani kwa hadithi za Biblia, vitabu visubiri. Shika kalenda kwanza. Tia alama Krismasi na Pasaka, kisha rudi nyuma: Majilio, kipindi cha kuisubiri Krismasi, huanza Jumapili ya nne kabla yake, Kwaresima ni siku 40 kabla ya Pasaka, Jumapili hazihesabiwi. Wiki zinazobaki zigawie hadithi za Biblia, moja kwa wiki mbili. Ndiyo, mbili, maana umri huo hupenda kurudiwa. Nuhu peke yake atakupa wanyama, rangi za upinde wa mvua na kuhesabu wawili wawili. Aya ya kukariri iwe fupi, mfano "Mungu ni upendo". Acha pia wiki kadhaa tupu, mafua hayakosi.