Jinsi ya kupiga koni kupima nguvu ya udongo, namba zisikudanganye

Kitaalamu inaitwa dainamiki probingi, mimi hapa nitaita kupiga koni. Una koni ya chuma kwenye ncha ya rodi, unaipigilia ardhini kwa nyundo yenye uzito unaojulikana inayoanguka toka kimo kilekile kila mara, alafu unahesabu mapigo. Mapigo machache udongo legelege, mengi umeshikana. Kuhesabu kila mtu anaweza, kazi ni kuhakikisha yale mapigo yametoka kwenye udongo wa pale kwenye ncha na sio kwenye kitu kingine, na hapo ndo ripoti nyingi zinaharibika.

Kwanza jua mashine yako. Kiwango cha kimataifa cha kipimo hiki, ISO 22476-2, kina DPL (nyepesi) ya nyundo kilo 10, DPM (ya kati) kilo 30 na DPH (nzito) kilo 50, hizo zote nyundo inaanguka milimita 500. Alafu kuna DPSH (nzito sana) ya kilo 63.5, A inaanguka milimita 500 na B milimita 750. DPL unaibeba na kuipiga kwa mkono, nzito zinataka mashine. Mapigo 10 ya DPL na mapigo 10 ya DPH ni vitu viwili tofauti kabisa kwaiyo andika aina ya mashine kwenye kila ukurasa wa daftari, usiseme utakumbuka.

Kabla hujaanza uliza nyaya na mabomba ya chini yamepita wapi. Pima kipenyo cha koni, ya DPH mpya ni milimita 43.7, ikishalika sana badilisha maana koni nyembamba inazama kirahisi na udongo utaonekana dhaifu kuliko ulivyo. Rodi zibiringishe juu ya kitu bapa, iliyopinda utaiona inarukaruka, weka pembeni. Chora alama za chaki kila milimita 100, kwa DPSH kila milimita 200. Simamisha rodi, weka pimamaji pande mbili, isilale zaidi ya asilimia 2, maana ikianza imelala itazidi kulala kadri inavyoshuka.

Sasa piga mfululizo, mapigo 15 hadi 30 kwa dakika, mmoja anahesabu kwa sauti mwingine anaandika palepale alama inapozama. Kila ukifika mita moja simama, kaza viungo, alafu zungusha rodi zote mzunguko mmoja na nusu kwa spana ya toki, yaani inayopima nguvu ya kuzungusha, na uandike imesoma ngapi. Hii ndo hatua watu wanairuka wakiwa na haraka na mimi naona ndo roho ya kipimo chenyewe. Koni imefanywa nene kuliko rodi ili kuta za tundu zisiguse rodi, ila kwenye mfinyanzi laini kuta zinarudi na kuikumbatia. Tuseme unashuka unapata 5, 6, 8, 11, unafurahi udongo unakuwa mgumu, kumbe na toki nayo inapanda kila mita, yaani sehemu ya nguvu ya nyundo inaishia kupambana na msuguano wa rodi huko juu. Mapigo yakipanda na toki imetulia, hapo sawa, una sababu ya kuamini. Usikae sana katikati ya kazi pia, mfinyanzi unashika rodi ukisubiri, ukisimama zaidi ya dakika 5 andika.

Ukipata 4, 5, 4 ghafla 40, sikiliza nyundo. Mlio unabadilika unakuwa mkali na nyundo inadunda, mara nyingi ni jiwe tu. Usiandike umefika mwamba, sogea mita moja au mbili urudie. Kusimama kabisa ni pale mapigo ya kila milimita 100 yakizidi 50 kwa mita nzima mfululizo, au yakipita 100. Kulazimisha zaidi ya hapo ni kuvunja rodi.

Koni haileti sampuli, kwaiyo lazima uwe na shimo la uchunguzi karibu walau moja ujue unapiga nini, mapigo 8 kwenye mchanga hayasemi kitu kimoja na mapigo 8 kwenye mfinyanzi. Na mchanga ulio chini ya maji unatoa mapigo machache kuliko ulio mkavu hata kama umeshikana sawasawa, ndo maana kina cha maji ni lazima kiwepo kwenye grafu ya mapigo.

Wakati wa kuchomoa angalia kila rodi kabla haijafutwa, ilipoanza kulowa na tope lililoganda kwenye viungo vinakupa habari. Teremsha kamba ya kupimia maji tundu likiwa bado wazi, andika kina na saa, alafu lizibe.