Angraecum sesquipedale: okidi isiyotaka kuvurugwa mizizi

Tatizo linaloisumbua zaidi Angraecum sesquipedale kitaluni ni mizizi iliyovurugwa wakati wa kuhamisha chungu. Mmea uliokuwa na afya huanza kudondosha majani ya chini, mkulima anadhani una kiu, anaongeza maji, na mizizi iliyokwisha jeruhiwa inaoza. Ukiuelewa mwili wa mmea huu, utajua kwa nini hali hiyo hutokea na namna ya kuizuia.

Asili yake ni misitu ya mabondeni, pwani ya mashariki ya Madagaska, ambako mvua ni nyingi na hewa haitulii. Huota juu ya vigogo na matawi manene, mahali penye mwanga wa kutosha. Haunyonyi mti ulioubeba, unajishikiza tu kwenye gome. Una shina moja linalorefuka kwa ncha, na pande zake mbili kuna majani mazito yenye umbo la mkanda, sm 20 hadi 40, ya kijani kilichochanganyika na kijivu. Tofauti na okidi nyingi, hauna vivimbe vya shina vya kuhifadhi maji. Akiba yake yote imo ndani ya majani na mizizi. Mizizi ikikatika, mmea hula akiba ya majani ya chini, ndiyo maana hayo hutangulia kunyauka na kuwa njano.

Uangalie mzizi kwa karibu. Ukiwa mkavu ni mweupe wa kifedha. Ukiumwagia maji hugeuka kijani muda si mrefu. Ule weupe ni velameni, tabaka la seli zilizokufa zinazofyonza maji haraka, na zikishiba hupitisha rangi ya kijani iliyo ndani. Hicho ndicho kipimo bora cha umwagiliaji: mwagilia mpaka maji yatiririke chini ya chungu, kisha subiri mizizi inayoonekana irudie weupe. Usifuate kalenda. Ncha ya mzizi, milimita chache za kijani au kahawia inayong'aa, ndiyo sehemu inayokua. Ikivunjika, mzizi ule hausongi mbele tena. Pengine hutoa tawi nyuma ya jeraha, pengine hautoi.

Tumia magome ya mti yaliyokatwa vipande vya sm 2 hadi 3, yakichanganywa na mkaa wa ukubwa huohuo, ndani ya kikapu cha mbao au chungu chenye matundu mengi. Udongo wa bustani usitumike kabisa, kwa kuwa hubana hewa na mizizi hukosa pumzi. Joto la mchana liwe nyuzi 24 hadi 30 za Selsiasi, na usiku lisishuke chini ya 15. Neti ya kivuli cha asilimia 50 inatosha. Majani ya kijani kibichi sana yenye kulegea ni dalili ya mwanga haba, na mmea wa namna hiyo huchanua kwa shida. Maji ya mvua ni bora, kwani chumvi ikijikusanya ncha za mizizi hugeuka nyeusi. Mbolea iwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, wakati mmea unakua tu, na mara moja kwa mwezi osha chungu kwa maji matupu mengi.

Kuhamisha chungu

Hamisha pale tu magome yanapooza na kuwa laini, na subiri ncha mpya za mizizi zianze kuchomoza. Loweka chungu chote kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 20 hadi 30, ili mizizi ilegee na isivunjike inapokunjwa. Mzizi uliogandamana na chungu usiubandue: vunja chungu na uuache na kigae chake. Kama ni kikapu, kitumbukize kizima ndani ya kikubwa zaidi na ujaze magome kando. Kata mizizi iliyooza tu, ile inayobonyea ukiibana, kwa kisu kilichopitishwa motoni. Baada ya hapo weka mmea kivulini kidogo na punguza maji mpaka mizizi mipya ionekane.

Maua na mbegu

Kwao Madagaska huchanua miezi ya ubaridi, Juni hadi Septemba. Ua huanza na ukijani, kisha huwa jeupe, na harufu yake hutoka usiku. Nyuma ya ua huning'inia mrija wa sm 30 hivi, mbochi, yaani maji matamu ya ua, ukiwa chini kabisa. Mwaka 1862 mwanasayansi Charles Darwin alitabiri kwamba lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kufika huko, na mwaka 1903 nondo huyo alipewa jina la kisayansi. Vikonyo vikishatokeza, usigeuze chungu, la sivyo maua yataelekea huku na huku. Hakikisha pia mrija haunasi katikati ya majani.

Kitaluni usimngoje nondo. Ua likishafunguka kwa siku chache, inua kifuniko kidogo kilicho katikati kwa kijiti safi. Vifurushi viwili vya chavua ya njano vitanata. Vibandike kwenye kishimo chenye utelezi chini yake, ikiwezekana kwenye ua la mmea mwingine, maana mbegu za mmea uliojichavusha mara nyingi huwa dhaifu. Acha tunda moja tu kwa mmea, nao uwe mkubwa wenye nguvu.

Mbegu ni laini kama vumbi na hazina akiba ya chakula. Msituni huhitaji kuvu maalumu ili ziote, kwa hiyo kuzinyunyiza juu ya magome ni kuzipoteza. Kata tunda lililokomaa kabla halijapasuka, ulipeleke maabara ambako mbegu zitapandwa ndani ya chupa zenye aga (jeli itokanayo na mwani) na sukari. Njia hii ni ya polepole, lakini ndiyo tunayoishauri kwa moyo wote, kwa sababu mmea ung'olewao msituni hupoteza mizizi yake mingi na mara nyingi hufa, na msitu nao hubaki pungufu. Okidi zote zimo kwenye orodha za mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama wa porini, hivyo kuvusha mmea mpakani kunahitaji kibali.

Miche ikiwa na mizizi ya sm 2 hadi 3, itoe, ioshe aga yote kwa maji ya uvuguvugu, kwani sukari inayobaki hulisha ukungu. Ipange juu ya magome yaliyosagwa ndani ya trei yenye kifuniko, kisha ongeza mwanya wa kifuniko kidogo kidogo kila wiki.