Mwani kwenye bwawa la kupozea: anza na reki, si dawa

Bwawa la kupozea mitambo likigeuka kijani, wengi hukimbilia pipa la klorini. Ngoja kwanza. Opoa mwani unaoelea kwa wavu au reki, ukautupe mbali, mahali ambapo mvua haitaurudisha bwawani. Ukiua wote kwa mkupuo unazama, unaoza, unamaliza oksijeni ya maji, na mabaki yake ndiyo yanayoziba chujio la pampu. Niliwahi kuvuta chujio likatoka limefunikwa utando mzito kama blanketi lililolowa, geji ya presha imeshaanza kucheza.

Ukishaopoa, ndipo dawa. Hapa saa ni muhimu sana. Mchana mwani hufyonza kabonidioksaidi, pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) inapanda, na ikivuka 8 klorini hupoteza sehemu kubwa ya makali yake. Jua nalo huila haraka. Basi itie usiku kuelekea alfajiri, pH ikiwa imeshuka, na chujio ulikague kila siku kwa siku kadhaa.

Mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba? Unaua mwani kweli, ila shaba yake hujishika kwenye chuma na kukichimba vishimo. Penye mabomba ya chuma mimi siugusi, na penye samaki ndiyo kabisa.

Kijani kikirudi tena na tena, pima fosfeti, chakula cha mwani. Mara nyingine inatoka kwenye dawa yenu wenyewe ya kuzuia kutu, au mfereji wa mvua unaoishia bwawani.