Somo: Taarifa ya matokeo baada ya ufadhili wa utafiti nje ya nchi

Umerudi Dodoma kutoka maabara ya ugenini, na sasa mfadhili anadai taarifa. Tutumie mfano mmoja wa kubuni: chumvi kwenye udongo wa mashamba ya zabibu Hombolo na ya mpunga Bahi, vipimo vimefanyika Ujerumani.

Hatua ya 1. Soma mkataba upya. Angalia tarehe ya mwisho, idadi ya kurasa, fomu na nani anasaini. Mara nyingi taarifa ni mbili, ya utafiti na ya fedha. Baadhi ya wafadhili hushikilia fungu la mwisho hadi zote zikubaliwe.

Hatua ya 2. Kabla ya kuandika aya yoyote, chora jedwali la safu nne: kilichoahidiwa, kilichofanyika, ushahidi, sababu ya tofauti. Kazi kubwa iko hapa. Tuseme uliahidi sampuli 60, nusu kwa nusu, ukapima 52. Ukiandika "8 hazikupimwa" ukaishia hapo, umejitafutia barua ya maswali. Sema lebo zilifutika kwa unyevu, sema zote zilikuwa za Bahi, kwa hiyo sasa unalinganisha 30 za Hombolo na 22 za Bahi. Namba hizo zifanane kwenye muhtasari, majedwali na hitimisho. Mkaguzi huanza kuzikagua hizo.

Taja pia njia ya kipimo. Kiwango cha 4 dS/m (desisimensi kwa mita, kipimo cha jinsi maji yenye chumvi yanavyopitisha umeme), kinachotajwa sana kuwa mpaka wa udongo wenye chumvi, ni cha maji yaliyokamuliwa kwenye udongo ulioshibishwa maji. Ukipima mchanganyiko wa udongo 1 kwa maji 5, namba hushuka sana kwa sababu chumvi imezimuliwa. Asiyeeleza hilo ataonekana amegundua kwamba Bahi haina chumvi!

Ambatisha kibali cha kuingizia sampuli. Udongo kutoka kwetu hauingii Umoja wa Ulaya bila kibali maalumu cha utafiti, na masharti yake yanahusu hata namna ya kuuteketeza.

Hatua ya 3. Tenganisha shughuli na matokeo. "Nilihudhuria semina 5" ni shughuli. "Mwongozo wa kupima sodiamu, kurasa 6, unatumika kwenye maabara ya idara" ni matokeo, mradi uambatishe mwongozo wenyewe.

Hatua ya 4. Fedha. Risiti nyingi huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na joto la Dodoma mnalijua. Zipige picha siku ileile, pamoja na pasi za kupandia ndege. Chagua chanzo kimoja cha kiwango cha kubadilishia fedha, kwa mfano Benki Kuu, na ukitaje. Kuchanganya kiwango cha benki na cha duka la fedha huleta tofauti ambayo hutaweza kuieleza.

Hatua ya 5. Msimamizi asaini, tuma PDF moja, omba uthibitisho wa kupokelewa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Sikuona tofauti kati ya mashamba. Niandikeje?*

Marahaba. Andika hivyo hivyo, ukionyesha idadi ya sampuli na mtawanyiko wa vipimo. Ila "tofauti haikuonekana" si sawa na "tofauti haipo". Kwa sampuli chache, la pili huwezi kulitetea.

*Risiti ya treni imepotea, nifanyeje?*

Tumia taarifa ya benki inayoonyesha malipo, pamoja na maelezo uliyosaini. Mfadhili akikataa, beba hasara ya nauli hiyo. Risiti ya kutengeneza ikigundulika, unaweza kudaiwa ufadhili wote.

*Maabara mwenyeji haitaki takwimu zitoke kabla ya makala.*

Toa muhtasari bila jedwali la vipimo. Takwimu zihifadhi Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya takwimu za utafiti, ni bure, na unaweza kuzifunga hadi tarehe fulani huku zikiwa tayari na namba ya DOI (utambulisho wa kudumu wa takwimu hizo mtandaoni) ya kuweka kwenye taarifa. Mwenyeji akubali kwanza kwa maandishi.

*Wakulima nao tuwape nakala?*

Wape ukurasa mmoja wa Kiswahili kupitia afisa ugani na mtendaji wa kata. Kila mkulima apate kipimo cha shamba lake mwenyewe. Kwenye nakala ya wote, ondoa majina na alama za GPS. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe mwanafunzi.