Kinanda cha kuanzia: jinsi ya kuchagua cha bei nafuu Malindi na Lamu

Dukani utatajiwa kwanza hesabu: sauti 300, midundo 100, taa zinazowaka, maikrofoni ya bure. Anayeanza hana haja na hesabu hiyo. Mwaka wa kwanza utatumia sauti mbili tatu tu, piano, ogani na pengine fidla, na nyingine zote zitakaa humo bila kuguswa. Kitu usichoweza kuongeza baadaye ni vibonyezo, basi pesa kidogo ulizonazo zinunue vibonyezo kwanza.

Tafuta 61, yaani okteva tano (okteva ni kutoka do moja hadi do inayofuata). Mkono wa kushoto hupata nafasi ya besi na wa kulia nafasi ya kuimba, bila kugongana. Vibonyezo 49 vinamtosha mtoto mdogo kwa muda. 37 ni kitu cha kuchezea hata kama kwenye boksi pameandikwa vinginevyo. Ukubwa nao upime kwa rula. Do ni kibonyezo cheupe kilicho kushoto mwa vyeusi viwili vilivyokaa pamoja; vyeupe vinavyofuata kulia kwake ni re, mi, fa, sol, la na si. Weka rula kwenye ukingo wa kushoto wa do moja, soma hadi ukingo wa kushoto wa do inayofuata. Ukipata karibu sentimita 16.5, ni vibonyezo vya kawaida. Ukipata 14 au chini yake, kirudishe. Vidole vikizoea umbali mfupi, siku ukikaa kwenye kinanda cha kanisani au cha kikundi cha taarab utakuwa unaikosa kila okteva.

Jambo la pili, ambalo wauzaji wengi hawalitaji kabisa, ni kama kinanda kinasikia mkono. Kinachosikia mkono ukikigusa taratibu sauti hutoka ndogo, ukikipiga kwa nguvu hutoka kubwa. Chini ya kila kibonyezo chake kuna mpira wenye vidoa viwili vya kaboni. Kidoa kimoja hugusa bodi ya umeme iliyo chini yake kabla ya mwenzake, na mashine hupima muda uliopita kati ya miguso hiyo miwili: ukiwa mfupi, pigo lilikuwa la nguvu. Kinanda kisichosikia mkono hutoa sauti ileile hata ukikigonga kwa kiwiko. Mwanafunzi aliyeanzia hapo huzoea kubonyeza kama anaandika meseji, na kumtoa tabia hiyo ni kazi.

Kwa Yamaha, herufi na tarakimu za jina zinatosha kukujulisha. PSR-E243, E253, E263 na E273 hazisikii mkono. PSR-E343, E353, E363 na E373 zinasikia. PSR-F51 na F52, ambazo ni za bei ya chini zaidi, hazisikii. Kwa Casio, CT-S200 na CT-S300 zinafanana kama pacha: ya 200 haisikii, ya 300 inasikia. Angalia maandishi yenyewe kwenye kinanda, si neno la muuzaji. Na kabla ya kuikataa E363 kwa kuwa sauti haibadiliki, fungua mipangilio uone kama mwenyewe aliizima hisia hiyo. Wapo wanaoizima wakasahau.

Msimamo wetu ni huu: kama bei ni moja, PSR-E343 iliyotumika na yenye afya ni bora kuliko kinanda kipya kisicho na jina. Vile visivyo na jina vina kasoro moja isiyotengenezeka. Waya zake ndani zimepangwa kwa ufupi ili kupunguza gharama, kwa hiyo ukishika vibonyezo vitatu vinne pamoja, kimoja hunyamaza au hulia kingine usichokigusa. Jaribu papo hapo: shika do, mi, sol na do ya juu kwa mkono wa kulia, kisha ongeza do na sol za chini kwa mkono wa kushoto, zote zikiwa zimeshikwa. Zisikike sita. Rudia kwa vibonyezo vyeusi.

Kuhusu kilichotumika, usitume pesa kwa simu kabla ya kukigusa. Nenda na betri sita za AA, earphone, rula, na programu ya kupima usahihi wa sauti (tuner) kwenye simu yako. Betri ni kwa ajili ya stima ikipotea, na pia kwa ajili ya kutenganisha makosa: kikiwaka kwa betri na kisiwake kwa adapta, tatizo ni adapta au tundu lake, si bodi.

Kiwashe ukiache robo saa nzima huku mkiongea bei. Kuna hitilafu zinazojitokeza kikishapata moto. Halafu chagua piano na upite kibonyezo kimoja kimoja, vyeupe na vyeusi, kutoka kushoto hadi kulia. Mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa nguvu. Huku Pwani utakachokikuta mara nyingi ni kibonyezo kinacholia kwa kishindo hata ukikigusa kidogo, au kisicholia kabisa. Hapo kidoa kimoja kati ya vile viwili kimeshika chumvi na vumbi, na mashine haina cha kulinganisha. Vibonyezo viwili vitatu vya namna hiyo visikukimbize. Vitumie kupunguzia bei, kisha peleka kwa fundi wa redio anayejua kutulia. Mpira huoshwa kwa maji safi na sabuni kidogo, ukakaushwa kivulini. Bodi hupanguswa kwa pamba na spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Akitoa petroli au msasa, mzuie: kaboni itabanduka na haitarudi. Na mwambie azipange skrubu kwa mafungu, kwa kuwa hazilingani urefu. Ndefu ikiingia penye fupi hutoboa upande wa juu.

Kisicho na tiba rahisi ni kibonyezo kilicholegea na kubaki chini, ishara kwamba springi au plastiki yake imevunjika. Piga jicho kutoka ubavuni, mstari wa vyeupe uwe sawa. Fungua chumba cha betri: ukungu wa kijani au mweupe kwenye vyuma unamaanisha betri zilivujia humo, na huenda uchafu ulifika mbali. Tikisa taratibu usikie kama kuna mchanga au skrubu inayozurura. Tikisa pia plagi ya adapta kwenye tundu lake. Kikizimika na kuwaka, lehemu ya tundu imepasuka, kazi ndogo kwa fundi, lakini bei ishuke.

Mwisho bonyeza noti ya la iliyo juu ya do ya katikati; simu isome 440 Hz. Ikisoma tofauti usikate tamaa mara moja, kwani huenda mtu alipandisha au kushusha sauti kwenye mipangilio. Kwa Yamaha za PSR-E, zima, shika kibonyezo cheupe cha mwisho kulia, washa huku umekishika. Mipangilio itarudi kama ilivyotoka kiwandani.

Adapta ndiyo inayoua vinanda vingi, kwa sababu plagi za ukubwa mmoja huingia kila mahali. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye kinanda. Ampea ziwe sawa au zaidi. Yamaha za aina hii hutumia volti 12, Casio za CT-S volti 9.5. Angalia pia mchoro wa duara karibu na tundu, unaoonyesha kama alama ya kujumlisha iko ndani au nje: Casio nyingi za zamani za volti 9 zimegeuzwa, alama ya kutoa iko ndani. Ukiingiza adapta iliyogeuka unaweza kukiunguza kinanda. Yenye volti pungufu haiunguzi, ila kila besi ikigonga sauti hukwaruza au kinanda kinajizima.

Walio na sola, msiunganishe Yamaha ya volti 12 moja kwa moja na betri kwa kuwa tu hesabu inafanana. Jua la mchana likiichaji, betri hiyo hufika volti 14 na zaidi. Weka kidhibiti cha volti 12 katikati. Betri za AA nazo ziwe za alkali. Zile za bei ya chini huishiwa nguvu ukiongeza sauti. Usichanganye kuukuu na mpya, na zitoe ukimaliza.

Bajeti igawe mafungu matano: manne kinanda, moja la vilivyobaki, yaani adapta sahihi, stendi, pedali na earphone. Tundu za earphone ni za aina mbili, nyembamba na nene, kwa hiyo nunua na kigeuzi. Earphone si anasa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, ambako nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta. Mazoezi ya do re mi saa moja mfululizo jirani hatayasahau.

Anayelenga taarab au kasida ajue jambo moja mapema. Hijazi, moja ya maqam (mipangilio ya noti ya Kiarabu), inapigika kwenye kinanda chochote: re, cheusi kilicho kati ya re na mi, cheusi kilicho juu ya fa, sol. Maqam za rasti na bayati hazipigiki sawasawa, kwa kuwa mi yake iko katikati ya mi nyeupe na cheusi kilicho chini yake, na kinanda cha kawaida hakina sauti hiyo. Yamaha PSR-A350 na vinanda vingine vya Kiarabu vina mpangilio wa kushusha kibonyezo kwa robo toni. Kama bajeti hairuhusu, usisubiri. Vidole na usomaji wa midundo vinajifunzika kwenye E343 bila tatizo.

Nyumbani kisikae dirishani upande wa bahari. Kifunike kwa leso nzito kila ukimaliza, na kiwe mezani au kwenye stendi kwa urefu unaolingana na viwiko ukiwa umekaa.

Ukikinunua Malindi na kukipeleka Lamu, boksi lifungwe kwa turubai kabla ya kupanda basi, maana Mokowe utashuka uingie botini. Usikubali kiwekwe chini kwenye ngama, sehemu ya chini ya chombo ambako maji hukusanyika. Kipakate au kilaze juu ya mizigo mingine. Kikirukiwa na maji ya bahari, usikiwashe kujaribu. Toa betri, pangusa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kifikishe kwa fundi akifungue siku hiyohiyo. Maji hukauka, chumvi hubaki, nayo huvuta unyevu na kula shaba ya bodi hata kinanda kikiwa kabatini.