Kurudisha behewa lililoacha njia kwa jeki za haidroliki

Tuchukue behewa la mizigo lenye tani 60: boji moja (kigari cha magurudumu kinachobeba ncha moja ya behewa) imeanguka, magurudumu yamekaa juu ya mataruma, yaani mihimili inayobeba reli, boji ya pili bado iko kwenye reli. Upande wa kunyanyua una takriban tani 30. Usilete jeki mbili za tani 15 ukadhani zinatosha. Behewa likilala kidogo, jeki moja hubebeshwa karibu mzigo wote. Kila moja iweze kuzibeba hizo 30 peke yake, na ziada.

Kwanza njia ifungwe rasmi. Kwenye SGR ya Tanzania, yaani reli ya kisasa, waya wa juu una volti 25,000, kwa hiyo umeme ukatwe na waya uunganishwe na ardhi pande zote mbili za eneo kabla mtu hajapanda popote. Tia kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki relini, kisha toa upepo wa breki. Funga boji iliyoanguka kwenye fremu kwa minyororo iliyokazwa. Usipoifunga, behewa litapanda na kuiacha boji chini.

Daraja la kurudishia, yaani boriti ambayo jeki husogezwa juu yake kwenda kando, hulazwa kukingama njia, juu ya magogo yaliyopangwa kwenye mataruma. Likikaa juu ya kokoto tupu litazama upande mmoja mzigo ukiingia. Lipime kwa pimamaji, weka vigari vya rola, kisha jeki juu ya vigari hivyo, chini ya sehemu za kunyanyulia zilizowekewa alama. Kati ya kichwa cha jeki na fremu weka kipande cha mbao ngumu. Chuma juu ya chuma huteleza, hasa chenye grisi.

Kabla ya mzigo, pandisha na shusha jeki tupu mara kadhaa kutoa hewa, la sivyo itapanda kwa kushtuka. Hakikisha viungio vya hozi vimeingia hadi mwisho, cha kurudishia mafuta hasa. Kikiwa nusu, mafuta hukosa pa kutokea na presha upande huo hupita kipimo.

Reli ya kilo 60 kwa mita ina kimo cha milimita 172, hivyo gurudumu linahitaji kupanda kama 200. Fremu itapanda zaidi ya hapo, kwa sababu springi hufunguka kwanza. Nyanyua milimita 20 au 30, paki mbao chini ya fremu, endelea. Mafuta hunyanyua, mbao ndizo zinazoshika. Amri itoke kwa mtu mmoja tu.

Ukianza kusukuma kando, mbao zisiguse fremu lakini zibaki karibu. Behewa huzunguka kwenye boji iliyo relini, kwa hiyo jeki huinama taratibu. Ikianza kuinama, shusha mzigo kwenye mbao, isimamishe wima upya.

Hozi ikivuja usipapase kwa mkono. Mafuta yenye presha ya bar 500 hupenya ngozi. Tafuta kwa kipande cha kadibodi. Aliyechomwa apelekwe hospitali papo hapo, hata kama kidonda ni kama tundu la sindano.

Magurudumu yakishatua, pima nafasi kati ya nyuso zao za ndani, sehemu tatu za mzunguko. Kwa geji (upana kati ya reli) ya milimita 1435 na magurudumu ya viwango vya Ulaya, kipimo ni milimita 1360. Kikitoka nje ya 1357 hadi 1363, behewa lisivutwe. Kagua pia beringi, pivoti (kiungo ambacho boji huzungukia chini ya behewa) na mataruma yaliyopasuka, kisha livutwe kwa mwendo wa mtu anayetembea hadi stesheni.