Somo: Kichwa cha uume kimewasha na kuwa chekundu, upake dawa gani?

Wanaume wengi wakifika duka la dawa husubiri wateja wengine watoke, ndipo waombe "krimu ya muwasho wa huko chini". Muuzaji naye, kwa kukwepa maswali ya aibu, humpa mtu ile tyubu yenye dawa tatu kwa pamoja: betamethasoni, jentamaisini na klotrimazoli. Muwasho unatulia kweli siku mbili tatu. Lakini betamethasoni ni steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) yenye nguvu, na ngozi ya pale ni laini mno. Ukiizoea, ngozi inakonda na ugonjwa wenyewe unajificha. Mimi siipendi hata kidogo kwa kazi hii.

Hatua ya 1: Osha kwa maji matupu. Kama una govi, livute nyuma taratibu, osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha bila kusugua, kisha LIRUDISHE mbele. Likiachwa nyuma linaweza kukaza, kichwa kikavimba, na hapo ni hospitali saa hiyo hiyo. Sabuni ya manukato na dawa za kuulia vijidudu weka kando. Wengine hupona kwa kuziacha tu.

Hatua ya 2: Angalia vizuri, penye mwanga. Vipele vidogo vyekundu, muwasho na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda: hao mara nyingi ni fangasi. Ngozi nyekundu, kavu, haina utando, na juzi ulibadilisha sabuni au kondomu: huo ni mzio au kuchubuliwa na kemikali. Harufu mbaya na majimaji chini ya govi: fikiria bakteria. Ukiona kidonda, malengelenge au usaha unaotoka kwenye njia ya mkojo, usipake kitu. Nenda kituo cha afya ukapimwe magonjwa ya zinaa, kaswende ikiwemo. Mabaka meupe magumu na govi linalozidi kubana nayo ni ya daktari.

Hatua ya 3: Sasa chagua.

Fangasi: klotrimazoli asilimia 1 au mikonazoli asilimia 2. Paka kidogo tu, mara mbili kwa siku, siku 7 hadi 14. Soma yale maandishi madogo kwenye boksi, kwa sababu jina kubwa la mbele halikuambii kama ndani kuna steroidi.

Mzio: haidrokotisoni asilimia 1, mara moja au mbili kwa siku, isizidi wiki moja bila ushauri. Ni steroidi pia, ila ni dhaifu. Usiitumie peke yake kama unashuku fangasi.

Bakteria: hapa krimu mara nyingi haitoshi. Tabibu akikuona anaweza kukuandikia vidonge vya metronidazoli.

Na tafadhali, mafuta ya Whitfield ni ya mapunye na fangasi wa miguu. Yana asidi. Ukiyapaka huku utaruka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi nimetahiriwa tangu utotoni. Mbona nimepata?
Kwa waliotahiriwa hutokea mara chache, lakini hutokea. Anza na sabuni na kondomu unazotumia.

Daktari, nikimaliza tyubu napona, baada ya wiki chache inarudi. Nibadilishe krimu?
Usibadilishe krimu kwanza, kapime sukari. Fangasi wa kurudiarudia kwa mwanaume ni dalili inayojulikana ya kisukari. Kama tayari unatibiwa kisukari kwa dapagliflozini au empagliflozini, mwambie daktari wako: dawa hizo hutoa sukari kupitia mkojo, na fangasi hupenda sukari. Usiziache kwa uamuzi wako.

Na mke wangu je, naye apake?
Akiwa na muwasho au uchafu mweupe mzito, naye atibiwe. Pumzikeni tendo mpaka upone. Mkitumia kondomu za mpira, fahamu kwamba krimu hizi zinaweza kuzidhoofisha zikapasuka.

Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 3 govi lake limevimba na ni jekundu. Nilivute nimsafishe ndani?
Marahaba mama. Hapana, usilivute. Katika umri huo govi kutofunguka ni kawaida, na ukilazimisha litachanika. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, usimpake dawa ya mtu mzima, na umpeleke kliniki. Akishindwa kukojoa au akipata homa, usingoje kupambazuke.